Damu Iliyozoleka

Wanangu, sogeeni karibu. Hadithi ya leo ina damu ndani yake, ina wafalme, na ina vichupa vidogo vya bati. Lakini kabla hatujavuka bahari, nianze na sanduku la nguo.

Mmewahi kuwapo siku ya kuanua tanga? Siku zikitimia, wazee huketi, sanduku la marehemu hufunguliwa na nguo zake hugawiwa. Koti humwendea mjomba, fimbo hupewa mjukuu aliyerithi jina, kanga humwendea binti wa kwanza. Kanga yenyewe pengine imepauka na pindo limechanika, sokoni hakuna wa kuitazama mara mbili. Jaribu sasa kumwomba yule binti akuuzie! Ataitunza miaka ishirini, na siku moyo ukimzidi ataitoa, aifunike usoni, atafute humo harufu ya mama yake. Sijasikia mtu akisema kwamba mwanamke huyo anaabudu kanga.

Kanisa Katoliki lina neno la vitu vya namna hiyo vilivyoachwa na watakatifu: masalia. Mfupa, unywele au tone la damu ni masalia ya daraja la kwanza. Nguo aliyoivaa mtakatifu au kitabu alichokishika ni ya daraja la pili. Kitambaa kilichogusishwa tu kwenye mwili au kaburi lake ni ya daraja la tatu. Nataka kuwasimulia masalia ya mtu mmoja, maana kwa kuyafuata yalikokwenda mtaelewa jambo zima vizuri kuliko kwa kukariri madaraja.

Mtu huyo ni Thomas Becket, mtoto wa mfanyabiashara wa London. Alikuwa hodari wa kazi, mwepesi wa maneno, na mfalme wa Uingereza, Henry wa Pili, alimpenda mno. Alimfanya mtunza muhuri wake, wakala pamoja na kuwinda pamoja. Mwaka 1162 mfalme akaona afadhali rafiki yake awe pia Askofu Mkuu wa Canterbury, kiti cha juu kabisa cha Kanisa nchini humo. Alidhani amejipatia askofu wa mfukoni. Thomas akarudisha muhuri, akasimama upande wa Kanisa. Wakagombana juu ya nani ahukumu makasisi waliokosa, mahakama ya mfalme au ya Kanisa, na ugomvi ukakua hata Thomas akakimbilia Ufaransa, akakaa uhamishoni miaka sita. Alirudi mwanzoni mwa Desemba 1170. Mwezi haukuisha.

Mfalme alikuwa Normandy, ng'ambo ya bahari, alipopata habari kwamba Thomas amewaadhibu maaskofu waliokuwa upande wa mfalme. Akafoka mbele ya watu wake kwamba amelea watu wasiofaa, wanaomtazama akidharauliwa na kasisi mmoja. Askari wanne wa ukoo bora, Reginald FitzUrse, Hugh de Morville, William de Tracy na Richard le Breton, waliyachukua maneno yale kuwa amri. Wakapanda merikebu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 29 Desemba, saa ya Masifu ya Jioni. Wamonaki walimsukumasukuma Thomas kuingia kanisani, wakataka kuukomea mlango. Akawakataza: nyumba ya Mungu isigeuzwe ngome. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi wale wanne walipoingia na mapanga yao. Walijaribu kumburuta nje, akashikilia nguzo. Mgeni mmoja, Edward Grim, ambaye alikuwa amefika Canterbury siku chache tu kumsalimu askofu, aliunyosha mkono wake kumkinga, na panga nusura liukate kabisa. Pigo la mwisho lilimkata Thomas utosi, na panga likavunjika ncha kwenye sakafu ya mawe.

Sitaendelea na mapanga. Wauaji walikwisha kuondoka, na ninayotaka muyaone ni yaliyofanyika baada ya hapo.

Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki. Damu hii ilizoleka. Giza lilipoingia, watu wa mji walianza kupenya kanisani, mmoja mmoja, wakiwa na hofu. Si mabwana wakubwa. Watu wa mitaani tu. Walichovya vipande vya nguo zao katika damu, wengine wakajipaka machoni. Kisha wamonaki wakaleta chombo, wakaikusanya iliyobaki pamoja na ubongo uliotapakaa, wakaitunza. Nguo zake za juu, zilizolowa, waliwagawia maskini ili wamwombee marehemu. Mmoja wa wamonaki wale, Benedict, aliandika baadaye kwamba maskini wale wangekuwa na bahati kubwa, lakini waliziuza palepale kwa bei ya kutupa. Usiku ule hakuna aliyejua kwamba kilichogawiwa ni urithi wa mtakatifu. Lilikuwa gawio la nguo za marehemu, kama nilivyowaambia mwanzo.

Walipouvua mwili nguo ili wauandae kwa mazishi, walikuta jambo lililowatoa machozi. Chini ya mavazi mazuri ya askofu, Thomas alivaa ngozini nguo ya manyoya makavu ya mbuzi, yanayochoma na kuwasha, nayo imejaa chawa. Huyu ndiye aliyekuwa anawinda na mfalme! Aliificha toba yake na wengi hawakuijua. Wamonaki walimzika haraka katika chumba kilichoko chini ya kanisa, kwa kuwa walitishiwa kwamba maiti itaburutwa nje na kutupwa.

Sasa sikilizeni habari ya mtu mmoja wa mji ule, jina lake halikuandikwa. Alikwenda nyumbani na nguo aliyoichovya katika damu. Mke wake alikuwa amepooza. Alipomsimulia yaliyotokea, mke akaomba kitambaa kile kisuuzwe katika maji, naye anywe. Walioandika habari zile wanasema alipona. Ndivyo yalivyoanza maji ya Mtakatifu Thomas: tone la damu likachanganywa na maji mengi, na wagonjwa wakapewa wanywe au wajipake.

Naona baadhi yenu mmekunja nyuso. Hata wamonaki wenyewe walisita, ndiyo maana waliizimua damu ile kwa maji mengi. Msiwacheke watu hao. Wengi wao hawakuwa na tabibu wala dawa, na huyu aliyekufa alikuwa askofu wao. Tena kulikuwa na sababu ya imani: kila Misa walisikia habari ya damu iliyomwagwa kwa ajili ya wengine. Thomas hakuchukua nafasi ya Kristo mawazoni mwao. Walimwona kama mtu aliyetembea katika nyayo za Kristo mpaka mwisho, hata damu yake ikanukia kama ya Bwana wake.

Watu walianza kuja kwa wingi mwaka 1171. Kila mmoja alitaka kuondoka na maji kidogo. Vyombo vya mbao vilipasuka njiani, maji yakavuja. Ndipo mafundi wakaanza kusubu vichupa vya bati na risasi, vidogo vya kuenea kiganjani, vikiwa na picha ya Thomas au ya kifo chake. Hujaji alikitia kamba, akakivaa shingoni, akatembea nacho mpaka kwao. Vichupa hivyo huokotwa hadi leo na wanaochimbua mambo ya kale, vingine katika tope la mto Thames.

Kaburi lenyewe lilizungushiwa ukuta imara, wakaacha matundu mawili kila upande, ili mtu apenyeze kichwa na kulibusu jiwe. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja wa akili alijipenyeza mwili mzima, wamonaki wakaogopa kwamba itabidi wabomoe ukuta kumtoa. Akatoka mwenyewe. Ukiyatazama madirisha ya vioo vya rangi katika kanisa hilo, utawaona mahujaji na matundu hayo yakiwa yamechorwa kwa rangi ambazo hazijafifia baada ya miaka 800. Benedict na mwenzake William waliandika habari za miujiza zaidi ya 700, wakitaja majina na vijiji: vipofu, wenye ukoma, watoto waliozama mtoni. Tarehe 21 Februari 1173, Papa Alexander wa Tatu akamtangaza Thomas kuwa mtakatifu, miaka miwili na ushei tu tangu auawe.

Na mfalme? Tarehe 12 Julai 1174 alifika Canterbury, akatembea peku mpaka kanisani, akapiga magoti kaburini akiwa amevua nguo za kifalme. Maaskofu na wamonaki wakamchapa viboko mgongoni, mmoja baada ya mwingine, kisha akakesha palepale bila kula. Simulizi za wakati ule zasema aliondoka na kichupa cha yale maji shingoni, kama mkulima yeyote. Kila nikifika hapo katika hadithi hii huwa nanyamaza kidogo. Maskini walipata damu ile siku ya kwanza. Mfalme aliipata baada ya miaka mitatu na nusu, na ilimbidi apige magoti.

Mapema tu masalia yakaanza kusambaa, na namna yalivyosambaa inaonyesha tabia za watu, nzuri na mbaya. Mwaka 1177 yule Benedict akafanywa abati wa Peterborough. Akaenda na vyombo viwili vya damu, vipande vya nguo, na zaidi ya hayo mawe ya sakafu pale Thomas alipoangukia. Kwa mawe yale akatengeneza altare mbili. Jirani kabisa na Canterbury ilikuwapo monasteri ya Mtakatifu Augustino, ambayo kwa muda mrefu ilishindana na kanisa kuu. Wamonaki wake walimchagua Roger, mlinzi wa altare ya mahali pa mauaji, awe abati wao, na walichotaka hasa ni kipande cha utosi wa Thomas alichokuwa anakilinda. Sioni haya kuwasimulia jambo hilo. Kitu kitakatifu hakimfanyi kila anayekishika kuwa mtakatifu.

Masalia yakavuka bahari pia. Askofu Reginald wa Bath alimpelekea Margaret, Malkia wa Sicily, kidani cha dhahabu, kirefu kama kidole gumba. Leo kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Upande mmoja wamechorwa malkia na askofu. Upande wa pili palikuwa na vipande vya masalia chini ya kioo, na pembeni maandishi yanayoviorodhesha: damu ya Thomas, nguo iliyotiwa madoa na damu hiyo, joho, mshipi, kofia, kiatu, shati. Hebu yafikirini hayo saba. Orodha ile ni sanduku la marehemu lililofunguliwa siku ya kuanua tanga, ila limebanwa ndani ya kitu cha kuning'inia kifuani. Kioo na vipande vyenyewe vimekwisha kupotea, yamebaki maandishi.

Huko Limoges, Ufaransa, mafundi walitengeneza makasha ya shaba yenye umbo la nyumba ndogo, wakayapamba kwa rangi ya buluu inayong'aa, na picha ya wauaji wakiinua mapanga mbele ya altare. Makasha yapatayo hamsini yamesalia duniani, na moja kubwa liko London katika jumba la Victoria and Albert. Tarehe 7 Julai 1220, Askofu Mkuu Stephen Langton aliyahamisha mabaki ya Thomas kutoka chini, akayaweka juu, nyuma ya altare kuu, katika kaburi la dhahabu na vito. Kabla sanduku halijafungwa, aliweka kando mifupa michache midogo ili iende kwenye makanisa mengine. Mkumbuke mifupa hiyo midogo, nitairudia.

Mtaniuliza: kwa nini kuugawa mwili wa mtu? Si angeachwa alale salama? Swali zuri, na Wakristo waliishi nalo tangu zamani. Mwanzoni walikusanyika makaburini. Polikarpo, askofu wa Smirna, alipochomwa moto katika karne ya 2, waamini wake waliokota mifupa wakaiweka mahali pa kukutania kila mwaka siku ya kifo chake. Katika Biblia yenyewe mtasoma juu ya maiti iliyofufuka ilipogusa mifupa ya nabii Elisha, na leso zilizotoka mwilini mwa Paulo zikapelekwa kwa wagonjwa. Kanisa linafundisha kwamba mwili wa Mkristo ni hekalu la Roho Mtakatifu na utafufuliwa. Hivyo si takataka hata ukifa. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Masalia yanaheshimiwa, na heshima hiyo inapita kwenye mfupa na kumwendea Mungu aliyempa mtu yule nguvu ya kufa bila kumkana. Kuyagawa kulikuja kwa sababu ya wale wasioweza kusafiri: bibi kizee wa Peterborough asingefika Canterbury, basi Canterbury kidogo ikamfuata.

Walakini palipo na kitu cha thamani, walaghai hawakosi. Kulikuwa na mifupa ya uongo, kulikuwa na biashara. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, ulipiga marufuku kuyauza masalia, na kutaka mapya yasiheshimiwe hadharani bila kibali cha Papa. Sheria ya Kanisa ya leo inasema wazi, katika kanuni ya 1190, kwamba kuuza masalia matakatifu ni marufuku kabisa. Yanayotolewa kihalali huwa na hati yenye muhuri inayoeleza ni ya nani. Kwa hiyo mkiona mtu anauza mfupa wa mtakatifu mtandaoni, anavunja sheria ya Kanisa hata kama mfupa ni wa kweli.

Kaburi la dhahabu lilidumu miaka 318. Mfalme wa Ufaransa, Louis wa Saba, alikuwa ameleta rubi kubwa alipokuja kumwombea mwanawe mgonjwa mwaka 1179, nayo ikapachikwa pale. Mahujaji walikuja kwa maelfu, hata mshairi Geoffrey Chaucer akaitungia safari yao kitabu. Kisha mwaka 1538, mfalme mwingine wa Uingereza, mwenye jina la yule aliyegombana na Thomas, Henry wa Nane, akiwa amekwisha kujitenga na Papa, akaamuru kaburi livunjwe. Askofu aliyempinga mfalme hakuwa mtakatifu wa kupendwa na mfalme huyu. Dhahabu na vito vikapakiwa vikaenda hazina. Mifupa ikaondolewa, haikuonekana tena. Jina la Thomas likafutwa katika vitabu vya sala. Vipo vitabu vya zamani ambavyo mpaka leo vina mstari wa wino juu ya jina lake.

Hapo ndipo naona siri ya hadithi hii yote. Kilichorundikwa pamoja na dhahabu kilipotea kwa siku chache. Kilichogawiwa kikabaki. Mfalme angewezaje kukifuata kila kifua, kila kasha, kila kipande kilichopelekwa nchi za mbali?

Mfupa mdogo wa kiwiko ulikuwa Hungaria, katika kanisa kuu la Esztergom, ukitunzwa kwa karne nyingi. Mwezi Mei 2016 uliletwa Uingereza. Uliwekwa katika kanisa kuu la Kikatoliki la Westminster, ukapelekwa kwa Waanglikana katika Westminster Abbey, ukafika Canterbury yenyewe. Kanisa kuu la Canterbury ni la Waanglikana sasa, na bado walikusanyika Wakatoliki na Waanglikana kusali pamoja mbele ya mfupa wa mtu mmoja. Hata kabla ya hapo, tarehe 29 Mei 1982, Papa Yohane Paulo wa Pili na Askofu Mkuu Robert Runcie walipiga magoti bega kwa bega mahali Thomas alipouawa. Sisi huku hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo: kila tarehe 3 Juni mahujaji hufika Namugongo, Uganda, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, na hapo Wakatoliki wana mashahidi wao na Waanglikana wana wao, waliokufa kwa amri ya mfalme mmoja.

Mkifika Canterbury siku moja, msitafute kaburi. Pale lilipokuwa pana sakafu tupu na mshumaa mmoja unaowaka. Tazameni chini. Ngazi za mawe zinazopanda kuelekea hapo zimelika katikati, zimebonyea, kwa miguu na magoti ya waliopanda wakisali. Mimi jiwe lile lililolika linanigusa kuliko habari yoyote ya rubi.

Lakini si lazima mwende mbali hivyo. Jumapili ijayo, Misa ikianza, mtazameni padre. Kabla hajasema neno atainama na kuibusu altare. Busu hilo ni la Kristo, maana altare ni ishara yake. Na tangu zamani Kanisa limekuwa na desturi, iliyomo katika sheria yake hadi leo, ya kuweka masalia ya mashahidi au watakatifu wengine chini ya altare isiyohamishika. Baada ya Misa mfuateni paroko wenu, mumsalimu kwa adabu, kisha mmuulize: "Padre, chini ya altare yetu yupo nani?"